Ngao mbili zilizobadilishana sababu: duka la vikombe na medali, Tabora

Ngao ya mkunga wetu ilitoka dukani imeandikwa "KWA MBIO ZA MITA 10,000 NA MOYO WA KUTOKATA TAMAA". Ya mkimbiaji wetu, mzee wa miaka sabini na kitu, iliandikwa "KWA KUZALISHA AKINA MAMA WA KATA HII MIAKA 31". Ilikuwa Ijumaa saa kumi na moja jioni, sherehe kesho yake asubuhi. Nilizishika zote mbili pale kaunta, nikamtazama fundi, fundi akanitazama, na kijana wake wa dukani akageukia ukutani mabega yakimtikisika.

Pamoja na hayo, nitarudi pale.

Ukiuliza watu hapa Tabora wapi panatengenezwa ngao na medali za maana, utaambiwa agiza Mwanza, au Dar, mzigo uje na basi. Watu watatu walinijibu hivyo kabla sijaonyeshwa duka hili. Liko upande wa sokoni, chumba kimoja kilichobanwa kati ya muuza vipuri vya baiskeli na fundi cherehani. Jina silitaji. Kosa lao walilirekebisha, na sipendi liwagande kuliko kazi yao. Mimi ni mwalimu wa michezo wa shule ya msingi, tena mweka hazina wa kamati ya michezo ya kata, kwa hiyo pesa ninazozungumzia hapa ni za watu, na watu wanadai risiti. Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, nilipewa bila kuomba. Hilo tu nililiwekea alama ya vyema.

Chanzo cha yote ni Simbu. Septemba 15, 2025, Alphonce Simbu, mtoto wa Singida hapo jirani, alimpita Mjerumani Amanal Petros kwenye marathoni ya mashindano ya dunia kule Tokyo wakiwa wameshaingia uwanjani, utepe uko mbele ya pua zao. Wote wawili waliandikiwa muda mmoja, saa 2:09:48. Kilichowatenga ni sehemu tatu za mia za sekunde. Tanzania haikuwahi kupata dhahabu ya mashindano ya dunia ya riadha kabla ya hiyo. Wanafunzi wangu wa darasa la sita wiki nzima walikuwa wanachora mstari wa chaki na kujitupa juu yake kifua mbele, wawili wakachunika magoti, mama mmoja akaja kuniuliza siku hizi nafundisha nini.

Kamati ikakaa chini ya mwembe. Mbio za watoto zilipita bila ubishi. Ubishi ulikuja nilipopendekeza tumpe ngao Babu wa Reli, ambaye miaka ya sabini alikimbilia timu ya Reli na mpaka leo kila alfajiri anakatiza Isevya kwa mwendo wa mtu anayefukuzwa. Katibu wetu, mwalimu mstaafu wa historia, alivua miwani akaifuta.

"Alimponya nani?"

Nikamwambia hakumponya mtu, alikimbia.

"Ndiyo nauliza. Dunia nzima serikali zinawavisha nishani waliokimbia na waliopiga mpira, na sisi kata tunaiga. Yule mama aliyezalisha nusu ya watu waliokaa kwenye mkeka huu hana hata cheti."

Hapo alikuwa na haki, na nilimwambia ana haki. Tukakubaliana ngao ziwe mbili, zilingane ukubwa, zilingane bei. Kila mmoja akaondoka akidhani ameshinda.

Sasa duka lenyewe. Ubao wao ni mninga, mninga kweli. Nasisitiza kwa sababu ngao nyingi zinazoletwa kutoka mbali ni mbao za ungaunga zilizobandikwa karatasi yenye picha ya mti. Zikimwagikiwa chai zinavimba kama andazi. Hawa wanachukua mabaki kwa maseremala wa hapa hapa, wanakata wenyewe, wanapiga msasa mara tatu na kupaka mafuta badala ya vanishi, kwa hiyo mistari ya mti inabaki inaonekana. Nilimwomba muuza mchele wa ng'ambo ya barabara anipimie moja kwenye mizani yake: kilo moja na robo. Mtu akikabidhiwa kitu kama hicho mkono unashuka kidogo, na uso unabadilika. Kibati cha maandishi kina rangi ya shaba, kinachongwa na mashine ya leza inayokaa nyuma imefunikwa kitenge kwa ajili ya vumbi. Ikianza kazi pananuka kama pasi iliyounguza shati.

Bei: ngao 48,000 kila moja, medali za watoto 3,500 nikachukua arobaini, kikombe kimoja 55,000. Jumla 291,000, nikalia lia wakaniachia kwa 280,000. Kianzio nusu, unalipa kwa lipa namba.

Kilichonivutia kuliko ubao ni utaratibu wa fundi. Nilimpa majina mawili nikidhani kazi imekwisha. Akachukua karatasi.

"Jina silihesabu, mwalimu. Chini ya jina una mistari miwili, herufi ishirini na tano kila mstari, na nafasi zinahesabiwa. Nipe sababu."

"Andika kwa mchango wake katika michezo."

"Hiyo naandika kila wiki," akasema, akaninyooshea kidole rafu ya kazi zinazosubiri wenyewe. Zilikuwa ngao saba. Nne ni za mgeni rasmi. Kwa mchango wake mkubwa, kwa mchango wake wa pekee, kwa mchango wake. Yule anayefika saa tano kwenye shughuli ya saa tatu, akahutubia, akala, akaondoka na ngao pana kuliko ya bingwa. (Na sisi tulishauriwa tumfikirie mgeni rasmi. Nilisema fungu limekwisha, na kweli nililimaliza haraka ili liwe limekwisha.)

Nikakaa kwenye benchi lao na kalamu karibu nusu saa. Na nikiri, kabla ya kumwandikia Babu nilianza kuwajaribu wakubwa, nione kama nishani za taifa nazo zinaenea kwenye mistari miwili.

Filbert Bayi anaenea: Christchurch 1974, mita 1,500, 3:32.16. Ilikuwa rekodi ya dunia, na John Walker wa New Zealand alikuwa nyuma yake akiona kisogo. Ila mimi mstari wa pili wa Bayi ningeuwekea mwaka 1976. Nchi za Afrika ziligomea Olimpiki ya Montreal kwa kuwa timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imekwenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu, na Tanzania ilikuwa kwenye mgomo huo. Walker alikwenda akachukua dhahabu ya 1,500. Bayi, mwenye rekodi ya dunia, alikosa mbio hizo. Katibu akisema mwanamichezo hajalitumikia taifa, anisaidie hapo. Askari anaambiwa nenda, anakwenda. Huyu aliambiwa usiende, na miguu ilikuwa ya moto. Miaka minne baadaye alileta fedha ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji kutoka Moscow, na Suleiman Nyambui fedha ya mita 5,000. Mpaka leo hizo mbili ndizo medali zetu zote za Olimpiki.

John Stephen Akhwari hamalizi hata mstari mmoja: "MEXICO 1968. ALIMALIZA." Alianguka njiani, goti likateguka, akaingia uwanjani amefungwa bandeji, wa 57 na wa mwisho, zaidi ya saa nzima baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia kushinda. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alisema nchi yake haikumtuma maili 5,000 kwenda kuanza mbio, ilimtuma kuzimaliza. Mwaka 1983 akatunukiwa nishani ya shujaa wa taifa. Miaka kumi na mitano ni mingi mno kumsubirisha mtu, lakini hakuna aliyeuliza alipewa kwa nini.

Halafu nikajaribu mambo ya karibuni, kalamu ikasimama. Machi 24, 2019, Taifa Stars iliifunga Uganda 3-0 tukafuzu AFCON. Kesho yake wachezaji wakaitwa Ikulu, Rais Magufuli akawaahidi viwanja Dodoma. Nilipiga vigelegele sebuleni, siwezi kujitoa. Walipofika Misri walifungwa mechi zote tatu. Sasa kwenye kibati ningeandika nini? Ile ilikuwa furaha ya Jumapili iliyolipwa Jumatatu, na si dhambi, kila nyumba ina siku inachinja kuku bila sababu kubwa. Rais Samia naye mwaka 2023 alianza kuyanunua magoli ya Simba na Yanga kwenye mashindano ya Afrika kwa shilingi milioni 5 kila moja. Huo ni ujira, mtu kafunga kalipwa, na napenda ulivyo wazi. Lakini kiwanja unaweza kukiuza kesho ukajenga kwingine na hakuna wa kukuuliza. Nishani ya taifa inakaa na jina lako na sababu yako, na serikali nayo inakuwa imejifunga kwamba siku ile iliona hivyo. Nchi yetu inayo Nishani ya Sanaa na Michezo, Rais Kikwete alimtunuku Bi Kidude, kwa hiyo mlango upo. Mimi nataka tu mwenye kuushika aulize kama fundi wangu.

Nikiwa pale nikampigia katibu anithibitishie tahajia ya jina la mkunga. Badala ya tahajia akanipa Uingereza. Eti mwaka 1967 kocha Alf Ramsey alipewa cheo cha Sir kwa Kombe la Dunia la 1966, na nahodha Bobby Moore, aliyelinyanyua kombe lenyewe, akapewa OBE, nishani ya chini ya hapo, akafa 1993 hajaitwa Sir. "Unaona? Nishani ni za wakubwa." Nikamwambia hiyo ni hoja ya kuwapa wachezaji, anaitumia kuwanyima. Akarukia Kenya: Kipchoge alikimbia marathoni Vienna Oktoba 12, 2019 kwa saa 1:59:40, na Oktoba 20, Siku ya Mashujaa, akavishwa nishani ya EGH. Siku nane! Nikamwambia zile siku nane azihesabu vizuri, zianzie 2003 alipokuwa bingwa wa dunia wa mita 5,000, zipite dhahabu ya Olimpiki ya Rio 2016 na rekodi ya dunia ya Berlin 2018. Simu ikakatika. Baadaye alidai salio liliisha. Tahajia niliipata kwa binti wa mkunga.

Kwa Babu sikuwa na rekodi ya kuandika. Hakufika Olimpiki; safari yake ndefu kuliko zote kwa ajili ya mbio ilikuwa ya treni kwenda Dar, na alishika nafasi ya nne. Niliandika mita 10,000 kwa kuwa ndizo alizokimbia, na huo "moyo wa kutokata tamaa" nakiri ulikuwa wa kujazia mstari, nilikuwa nimechoka na njaa inauma. Fundi aliusoma, akanyanyua nyusi, hakusema kitu. Kwa ngao ya kata unapita. Kungekuwa kunaombwa nishani ya taifa, ningeurudisha mwenyewe.

Turudi Ijumaa jioni. Jina na sababu vinakaa kibati kimoja, kwa hiyo huwezi kubandua ukabadilisha ubao. Ni kuchonga upya vyote viwili. Fundi akataka elfu saba kwa kila kibati.

"Shaba hii siwezi kuirudisha dukani, mwalimu."

"Nami sherehe siwezi kuirudisha nyuma."

"Lakini wewe ulituma meseji tatu."

Nikafungua wasapu. Kweli. Majina kwenye meseji moja, sababu kwenye nyingine mbili, na zile sababu nilikuwa nimezituma kinyume na majina yalivyopangwa. Nikanyamaza. Naye aliponiona nimenyamaza akalegea, akasema alipaswa kunitumia picha ya maandishi kabla ya kuchonga, ndiyo kawaida yake, ila siku ile walibanwa na kazi ya mahafali. Tukafuta deni pande zote mbili. Niliheshimu hilo. Fundi wengi ningewaachia ngao nikaenda na hasira.

Saa kumi na mbili na nusu umeme ukakatika. Tulikaa kwenye benchi nje, mimi, fundi na kijana wake, tunakula karanga za kuchemsha za mia tano, duka giza tupu. Ulirudi saa tatu kasoro. Saa nne usiku vibati vyote viwili vilikuwa tayari, na fundi akanirudisha nyumbani kwa pikipiki yake, ngao zimefungwa taulo kati yangu na mgongo wake. Mafuta hakudai.

Sherehe sitaisimulia yote, watoto walikimbia, jua lilituchoma, Babu alipewa ngao yake akaishusha mkono kama nilivyosema. Aliyenishangaza ni mkunga. Habari ya kibati kilichokosewa ilikuwa imeshamfikia. Kata yetu haina siri ya kulala. Alipomaliza kupigwa picha akanifuata.

"Kiko wapi kile cha kwanza?"

Kilikuwa kwenye mkoba wangu. Nikamwambia ni kibovu, kimeandikwa mbio.

"Nipe hivyo hivyo, mwanangu. Unajua kutoka kwangu mpaka zahanati ni mita ngapi, usiku, mvua, mtoto katanguliza miguu? Na viatu nimevishika mkononi?"

Nikampa. Katibu alikuwa amesimama hapo hapo, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu hakuwa na mfano kutoka historia. Babu aliposikia, akapaza sauti kutoka kwenye kiti chake: "Changu mimi kiharibuni! Bibi yenu anajua kusoma!"

Mengine ya duka, haraka haraka. Medali: utepe wao ni imara, umeshonwa badala ya kugundishwa. Rangi ya dhahabu ndiyo tatizo. Baada ya wiki tatu medali sita kati ya arobaini zilianza kubanduka rangi, hasa za watoto wanaolala nazo shingoni. Nilizirudisha zote sita, wakanibadilishia nne, mbili wakasema zimeng'atwa. Zilikuwa zimeng'atwa. Tangu michezo ya shule za nchi nzima ifanyike hapa kwetu 2022 na 2023, watoto wa Tabora wanajua medali inavyopaswa kuwa, huwadanganyi kwa bati la rangi. Wangeongeza mia tano kwa kila moja na kupaka vizuri, ningelipa.

Kikombe msinunue. Kinatoka kwenye boksi la nje ya nchi, kitako chake ni plastiki iliyojazwa kitu kama saruji, na mkono mmoja ulianza kucheza kabla nahodha hajamaliza kukizungusha uwanjani. Kwa elfu hamsini na tano waombeni wawatengenezee ngao ya tatu ya mninga na wachonge neno BINGWA, itadumu kuliko shule.

Wanafungua saa mbili, Jumapili wanafunga. Siku za Oktoba na Novemba wanalemewa na mahafali, kwa hiyo wapeni siku kumi, msiwape nne kama mimi. Maandishi yapelekeni kwenye karatasi moja, jina na sababu yake mstari kwa mstari, na mdai picha kabla mashine haijawashwa. Na mkiambiwa mtoe sababu, msiwaambie mchango, fundi atawaangalia vibaya.

Kibati cha Babu bado kiko kwenye droo yangu ya ofisini, chini ya filimbi. Kila alfajiri tukipishana pale Isevya haachi kukimbia, ananyoosha tu mkono na kuuliza kama nimeshakiharibu, nami namwambia leo, Babu, leo hii.